Jinsi ya Kumchagua Mkandarasi wa Kukujengea Nyumba kwa Ramani Yako Mwenyewe

Nyumba iliyokwisha kujengwa hununuliwa kwa macho. Mnunuzi hufungua madirisha, hukanyaga sakafu, hufungulia bomba na kusikiliza maji yanavyokwenda, kisha hukata shauri. Anayejenga kwa ramani yake mwenyewe hana nafasi hiyo, kwa kuwa kitu anacholipia hakijakuwapo na wala hakuna kingine cha umbo hilo hilo anachoweza kwenda kukitazama. Anayetegemewa kukitoa kwenye karatasi na kukisimamisha juu ya ardhi ni mkandarasi, ambaye mara nyingi mwenye nyumba amemfahamu kwa wiki chache tu. Ndiyo maana watu wenye akili zao timamu, wanaopima kila kitu kingine maishani kwa uangalifu, hujikuta wameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo kumchagua mkandarasi ni kazi ya kukusanya ushahidi. Maneno yake na picha zake ni vya kusikilizwa na kutazamwa kwa adabu, lakini ushahidi wenyewe hupatikana katika mambo mawili: kazi anayoifanya leo kwa mtu mwingine, na namna anavyoshughulika na fedha na hesabu za watu.

Kabla hujamtafuta mtu yeyote

Wengi huanza kwa kuuliza nyumba ya vyumba vinne itagharimu kiasi gani. Swali hilo halina jibu, na mkandarasi anayelijibu papo hapo kwa tarakimu amekwisha kukuonyesha jinsi anavyopiga hesabu zake. Bei yenye maana hutokana na karatasi nne: ramani ya msanifu majengo yenye vipimo, milango, madirisha na umbo la paa, michoro ya mhandisi inayoonyesha msingi, nguzo, boriti na ukubwa wa nondo, taarifa ya uchunguzi wa udongo, na mchanganuo wa kazi na vifaa, ambao kwa kawaida huandaliwa na mkadiriaji majenzi. Ukiwapa wakandarasi watatu karatasi hizo hizo, watakuletea bei tatu zinazoweza kuwekwa sambamba. Ukiwapa mchoro wa juujuu na maelezo ya mdomo, kila mmoja atapiga bei ya nyumba iliyomo kichwani mwake, nawe utalinganisha nyumba tatu tofauti ukidhani ni moja.

Karatasi inayorukwa mara nyingi kuliko zote ni ile ya udongo, kwa sababu ardhi ikitazamwa kwa juu huonekana kuwa ni ardhi tu. Udongo wa mfinyanzi wa aina fulani huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka, na msingi wa kawaida uliokaa juu yake hupanda na kushuka pamoja nao mpaka kuta zipasuke. Mkandarasi aliyetoa bei bila kuujua udongo atakuletea barua ya nyongeza siku ile ile mashimo yatakapofika kina, na kufikia wakati huo utakuwa umekwisha kusaini. Sitamlaumu sana, kwa kuwa aliyemnyima taarifa ni mwenye nyumba.

Amua pia, kabla ya kukaa na mtu, unataka kununua nini kwake. Unaweza kumpa kazi nzima, vifaa na ufundi, kwa bei moja ya mkupuo. Unaweza kununua vifaa wewe na kumlipa ufundi tu, mpango unaoonekana wa bei nafuu lakini unaokufanya wewe kuwa mtunza stoo, mnunuzi na mlinzi kwa mwaka mzima. Unaweza pia kumlipa gharama halisi pamoja na asilimia yake, jambo linalofaa pale tu ambapo vitabu vyake viko wazi na unaye mtu wa kuvikagua. Kwa mtu anayejenga mara ya kwanza na mwenye kazi yake nyingine ya kila siku, kwa maoni yangu bei ya mkupuo yenye mchanganuo kamili ndiyo isiyomnyima usingizi.

Kupata majina

Marafiki watakutajia majina, na majina hayo yapokee, ila uyapime kwa umri wa kazi yenyewe. Mtu aliyehamia mwezi uliopita bado yuko katika furaha ya harusi. Aliyekaa ndani ya nyumba kwa miaka miwili au mitatu ndiye mwenye habari. Waulize pia wahandisi wa majengo, kwa kuwa wao huenda kukagua nondo kabla zege halijamwagwa na wanajua ni nani huwa tayari wanapofika na ni nani huwabembeleza wapitishe kazi kwa kuwa lori la zege liko njiani.

Chanzo kimoja ambacho watu hukisahau ni muuzaji wa vifaa vya ujenzi. Yeye anajua mkandarasi yupi hulipa deni lake kwa wakati, yupi amekatiwa mkopo, na yupi huja kununua saruji ya mteja mmoja kwa fedha ya mteja mwingine. Huenda asikuambie moja kwa moja, lakini ukimuuliza kama angemkopesha fulani mzigo wa nondo, namna anavyolipokea swali itakutosha.

Orodha ya watu sita au saba inatosha kuanzia. Ipunguze kwa kuangalia usajili na leseni zao katika mamlaka inayohusika, pamoja na daraja la kazi waliloruhusiwa kufanya, na ufanye hivyo kwenye daftari la mamlaka yenyewe, si kwa kuoneshwa nakala ya cheti. Ondoa anayejenga majengo ya ukubwa usiolingana kabisa na wako. Kampuni iliyozoea maghorofa itakupelekea kikosi chake cha mwisho, na fundi aliyezoea kujenga chumba na sebule atajifunzia kazi juu ya paa lako. Ubaki na watatu, au wanne wakizidi sana.

Kwenda kuona

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, hata ikibidi kuomba ruhusa kazini. Mwombe kila mmoja akuoneshe kazi mbili: moja inayoendelea sasa, na moja iliyokaliwa kwa muda wa kutosha kunyeshewa na mvua za misimu miwili. Akikupa nyumba zilizokamilika tu, zilizopakwa rangi na kupigwa picha, mshukuru, kisha uombe tena ile inayoendelea. Rangi hufunika mengi, ilhali kwenye saiti, kama wenyewe wanavyoiita, hakuna kilichofunikwa bado. Omba ruhusa ya kuingia na uvae viatu vigumu, lakini siku ya kwenda uichague wewe.

Anza na stoo. Saruji inatakiwa iwe imepangwa juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, kwa sababu hunyonya unyevu hata ikiwa ndani ya mfuko. Bonyeza mfuko mmoja kwa kidole. Ukikutana na mabonge magumu, saruji hiyo imeanza kushika kabla ya kutumika. Nondo ziwe zimeinuliwa kutoka kwenye matope. Kutu nyepesi ya juu si tatizo, ila kutu inayobanduka kwa magamba ni tatizo. Dakika tano ndani ya stoo zitakueleza kama mali ya mteja inatunzwa au inatupwa tu.

Kisha nenda kwenye nguzo zilizotolewa hivi karibuni mbao za fomu, zile zinazolishikilia zege mpaka likaze, na uiname utazame chini kabisa, pale nguzo inapokutana na sakafu. Zege lililosindiliwa vizuri lina uso uliofunga. Zege lililomwagwa kwa haraka bila kutetemeshwa, au ambalo maji yake ya saruji yalivuja katikati ya mbao, huacha kokoto zikiwa wazi na matundu katikati yake mithili ya masega ya nyuki. Mahali hapo hewa na maji huifikia nondo, nondo hushika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege linalozunguka hupasuka. Matundu machache yanaweza kumpata hata fundi mzuri. Linalokuhusu ni alichofanya baada ya hapo: je, sehemu dhaifu ilichongwa hadi kwenye zege gumu na kuzibwa kwa mchanganyiko unaostahili baada ya mhandisi kuiona, au ilipakwa lipu nyembamba usiku ili asubuhi isionekane? Gonga kwa ufunguo; lipu iliyoficha tundu hutoa sauti yake.

Ukibahatika kukuta nondo zimesukwa na bado hazijamwagiwa zege, simama hapo zaidi. Chini na pembeni mwa nondo panatakiwa kuwa na vipande vidogo vya zege au plastiki vinavyoziinua na kuzitenga na mbao au udongo. Kwa zege linalomwagwa moja kwa moja juu ya udongo, nondo huhitaji kufunikwa kwa takriban milimita 75. Kwa nguzo za ndani kipimo hicho hushuka hadi karibu milimita 40. Mafundi wasiosimamiwa hulaza nondo chini na kusema wataziinua kwa ndoano zege likimwagwa. Hawatainua, na hata wakiinua, zitarudi chini zikikanyagwa.

Kuhusu maji, nitaeleza nilichokiona mwenyewe. Nilikwenda kumtazama mkandarasi mmoja aliyekuwa na picha nzuri kuliko wenzake wote na maneno ya kiungwana. Siku hiyo walikuwa wanamwaga zege la sakafu ya juu, jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na mchanganyiko wa mwisho ulikuwa umeanza kukaza. Kibarua mmoja akavuta mpira wa maji na kuufungulia juu ya zege ili litandazike kwa urahisi. Msimamizi alimwona, kisha akageuza uso upande wa pili na kuendelea kuongea na simu. Sikuuliza lolote. Maji yanayozidi kipimo hulifanya zege liwe laini kwa mfanyakazi na dhaifu kwa atakayelala chini yake, na kila msimamizi wa ujenzi analijua hilo. Nilimfuta kwenye orodha kabla sijafika nyumbani.

Alama nyingine ni namna wanavyolitunza zege baada ya kulimwaga. Zege halikauki kama nguo. Hukomaa kwa saruji kuungana na maji, na nguvu yake hupimwa rasmi ikifikisha siku 28. Likiachwa juani bila kumwagiliwa, uso wake hupasuka na nguvu hubaki njiani. Tafuta magunia yaliyoloweshwa, karatasi za nailoni zilizotandazwa, au maji yaliyotuama juu ya sakafu iliyomwagwa ndani ya siku 7 zilizopita. Alama hii ninaipenda kuliko zote kwa sababu kumwagilia hakuhitaji mtaji wala mtambo. Ni mtu wa kuamka asubuhi na kufungulia mpira, hata siku ambayo mwenye nyumba hayupo. Mkandarasi ambaye zege lake lina unyevu siku ya Jumapili ni mkandarasi mwenye watu wanaofanya kazi bila kuangaliwa.

Tazama pia zana. Timazi, pima maji na uzi vinatakiwa viwe mikononi mwa watu, si ndani ya sanduku. Beba futi yako ya kuvuta na upime chumba kimoja kutoka kona hadi kona, kwa mishazari yote miwili. Chumba cha pembe nne kilichonyooka hutoa vipimo viwili vilivyo sawa, na tofauti ya sentimita kadhaa utakuja kuilipia wakati wa vigae na makabati. Muulize fundi, kwa lugha ya kawaida na bila kumtega, amefanya kazi na bosi huyu kwa muda gani. Kikosi ambacho nusu yake imedumu naye kwa miaka ni kikosi kinacholipwa.

Nyumba iliyokaliwa inahitaji jicho jingine. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu hazina uzito mkubwa, lakini ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kwa mshazari, hasa ukiwa mpana upande mmoja kuliko mwingine, unaweza kuwa habari ya msingi uliohama, na unastahili kumwitia mhandisi. Tazama chini ya madirisha na pale mapaa mawili yanapokutana. Doa la unyevu lililopakwa rangi mpya hubaki na mpaka wake. Bafuni, mwombe mwenye nyumba umwage ndoo moja ya maji sakafuni na utazame yanakokwenda. Gonga vigae kwa sarafu, na vinavyolia kama ngoma havikukaa juu ya gundi yote.

Mwenye nyumba naye usimuulize kama aliridhika, kwa sababu watu wengi hawapendi kukiri kwamba walikosea. Muulize bei ya mwisho ilizidi ya mkataba kwa kiasi gani na kwa sababu zipi, alihamia miezi mingapi baada ya tarehe aliyoahidiwa, na ni nini kiliharibika baada ya kuhamia. Kisha muulize mkandarasi alipopigiwa simu kuhusu uharibifu huo alikuja baada ya siku ngapi. Majibu ya tarakimu hayana adabu ya kuficha.

Mazungumzo

Baada ya kuona, kaa na kila mmoja kwa saa moja. Maswali ya kawaida yanajulikana: yuko na kazi ngapi kwa sasa, kazi zipi huwapa mafundi wa nje, ana bima zipi. Mimi nathamini maswali mawili kuliko yote hayo. La kwanza ni nani hasa atakuwa kwenye eneo la ujenzi kila siku, kwa jina. Aliyekushawishi ofisini siye atakayekuwa anapima mchanga saa mbili asubuhi, na kama msimamizi huyo hajaajiriwa bado, basi hujamwona mkandarasi wako. Omba kukutana naye, umwekee michoro yako mezani, na umwachie dakika chache aisome mwenyewe. Msimamizi mzuri atakutafutia kosa. Atauliza maji ya paa hili yatatokea wapi, au kwa nini boriti hii inapita juu ya mlango huu bila nguzo chini yake.

Swali la pili ni kazi iliyomharibikia. Kila aliyejenga kwa miaka kumi anayo. Anayesema hana, ama hajajenga vya kutosha ama hasemi kweli. Sikiliza ni nani anayebebeshwa lawama katika simulizi lake: kama kila mara ni mteja, au mvua, au fundi aliyekimbia, ujue katika simulizi lijalo mteja ni wewe. Anayesema, “Tulikosea kipimo, tukabomoa, tukalipia wenyewe,” kisha akakuambia walibadilisha nini baada ya hapo, huyo msikilize.

Bei

Tuseme bei tatu zimefika, na tukiifanya ya kwanza kuwa 100, ya pili ni 104 na ya tatu ni 72. Mwenye nyumba huitazama 72 na moyo wake hufurahi. Afanye nini? Aiweke kando ya nyingine, mstari kwa mstari, na kutafuta ile 28 ilikokwenda. Saruji na nondo huuzwa kwa bei zinazokaribiana kwa kila mtu, na mafundi wa eneo moja hawapishani ujira kwa theluthi. Kwa hiyo kuna kitu hakimo. Mara nyingi ni mbao za fomu na jukwaa la kusimamia, au kifusi cha kujazia ndani ya msingi, au usafirishaji wa udongo uliochimbwa. Ukivirudisha vilivyoachwa, 72 hupanda na kukaribia wenzake, isipokuwa sasa nyongeza hizo zitapangiwa bei wakati ambao huna tena mshindani wa kumtisha naye.

Mahali pengine pa kujifichia ni kwenye vitu ambavyo bado hujavichagua: vigae, makabati ya jikoni, mabomba, vitasa, taa. Katika mchanganuo huandikiwa kiasi cha kukadiria, na mkandarasi anayetaka jumla yake ipendeze huandika kiasi kidogo kisichoweza kununua hata vya daraja la chini. Siku ya kwenda dukani ndipo utakapoambiwa kwamba ulichochagua kimezidi. Dawa yake ni ama kuchagua vitu hivyo kabla ya kuomba bei, ama kuwapangia wakandarasi wote kiasi kimoja waandike, ili ushindani wao ubaki kwenye kazi yao.

Angalia pia bei ilivyogawanywa ndani yake. Ikiwa wawili wameuweka msingi kwenye sehemu moja ya sita ya bei yote na wa tatu ameuweka karibu theluthi, huyo wa tatu hajapata msingi wa dhahabu. Amezipandisha kazi za mwanzo na kuzishusha za mwisho ili fedha yako iwe mikononi mwake mapema. Ikifika wakati wa umaliziaji, kilichobaki hakitatosha kumalizia nyumba wala kumvuta arudi. Mgawanyo wa namna hiyo nauogopa kuliko jumla kubwa.

Bei inayokaribiana na makadirio ya mkadiriaji wako, iliyochanganuliwa vizuri na mtu aliyeuliza maswali kabla ya kuitoa, mara nyingi ndiyo bei. Juu yake tenga akiba ya dharura ya karibu asilimia 10, na usimwambie mkandarasi kwamba ipo.

Mkataba na malipo

Mkataba huandikwa hata kama mkandarasi ni shemeji yako. Ningesema hasa akiwa shemeji yako. Uitaje ramani na michoro kwa namba na tarehe zake, mchanganuo uwe sehemu yake, na jina la msimamizi wa kila siku liwemo, pamoja na sharti kwamba hataondolewa bila idhini yako. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza ziandikwe, na fidia ya kila siku ya kuchelewa iwekwe kwa kiasi kinachomuuma bila kumfilisi, kwa kuwa mkandarasi aliyefilisika hatakumalizia nyumba. Iandikwe pia jinsi mkataba unavyoweza kuvunjwa na pande zote mbili, na nani atakayewasuluhisha kabla ya mahakama.

Malipo yafuate kazi iliyokamilika na kukaguliwa, kamwe yasifuate kalenda wala shida za mkandarasi. Malipo ya awali yawe madogo, ya kutosha kuhamia eneo la ujenzi na kununua vifaa vya mwanzo, na uombe orodha ya vifaa hivyo. Anayetaka nusu ya fedha kabla ya kuchimba ana deni mahali pengine. Kisha gawa kazi kwa hatua zinazoonekana kwa macho: msingi uliofikia usawa wa sakafu, kuta zilizofika kwenye linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, paa lililofunikwa, mabomba na nyaya zilizojaribiwa kabla ya kufukiwa, na kadhalika. Kila hatua ipitiwe na mtu anayelipwa na wewe, awe mhandisi au mkadiriaji, ambaye hana undugu wala biashara na mkandarasi. Malipo yake ni sehemu ndogo ya gharama yote, na wengi humkwepa kwa sababu hiyo hiyo ya kuona kwamba kiasi hicho kingenunua vigae vizuri zaidi.

Katika kila malipo zuia asilimia 5 hadi 10. Kwa desturi ya mikataba ya ujenzi, nusu ya fedha iliyozuiwa hutolewa nyumba inapokabidhiwa, na nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, ambacho huwa miezi 6 hadi 12. Chagua 12 ukiweza, ili nyumba ipitie majira yote ya mwaka kabla hujaiachia fedha hiyo. Kwa kasoro za mihimili yenyewe muda huo hautoshi, na si jambo jipya: sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804 iliwafunga msanifu na mkandarasi kwa miaka 10 ikiwa jengo litaanguka kwa kasoro ya ujenzi, hata kasoro ya ardhi iliyo chini yake. Ulizia sheria ya mahali unapojenga inatoa muda gani kwa msingi, nguzo na paa, na kama hakuna, uandikwe kwenye mkataba.

Mabadiliko ndiyo yanayovunja urafiki. Siku moja utasimama kwenye chumba kisicho na paa na kusema dirisha hili lingekuwa kubwa kidogo, fundi ataitikia, na miezi mitatu baadaye utaletewa bei ya linta mpya, ya kubomoa na ya siku nne za vibarua. Mali bila daftari hupotea bila habari, hivyo mkubaliane kwamba hakuna badiliko linaloanza kabla ya karatasi moja yenye maelezo yake, bei yake na siku litakazoongeza, iliyosainiwa na wote wawili. Sheria hiyo ikufunge na wewe pia, kwa maana mabadiliko mengi huanzia kwa mwenye nyumba.

Bima mbili uzione kwa macho yako na uthibitishe kwa kampuni iliyozitoa kwamba zimelipiwa: ya kazi na vifaa dhidi ya moto, mafuriko na wizi, na ya watu wanaoweza kuumia, wakiwemo vibarua na majirani.

Ukishaamua, mjulishe uliyemchagua kwa barua, lakini usiwaage wengine siku hiyo. Bei hutolewa kwa muda maalumu, kwa kawaida siku 60 au 90, na aliyekuwa wa pili anabaki kuwa wako muda huo wote. Mwandikie kwamba tathmini haijafungwa, ambayo ni kweli, na umwandikie barua ya shukrani pale wa kwanza atakapokuwa amesaini kila ukurasa, ameleta bima zake, na msimamizi mliyekubaliana jina lake amefika kwenye kiwanja akiwa na uzi, timazi na nakala ya michoro yako mkononi.